Kwanza Maji, Kisha Mche: Mhadhara juu ya Kupanda na Kulea Mikoko

 

Nitasema kwanza lile ninaloliamini kuliko yote, ili atakayelazimika kuondoka mapema kuyawahi maji aondoke nalo. Kazi kubwa ya kupanda mikoko hufanyika kabla mche haujaguswa. Ni kazi ya kuyasoma maji: yanapanda hadi wapi, mara ngapi kwa mwezi, yanakaa muda gani, na yanarudi baharini kwa njia ipi. Aliyeyajua hayo ya mahali pake, mikoko yake itasimama. Asiyeyajua atachomeka mbegu kwa maelfu, apige picha, na baada ya miezi michache akute vijiti vikavu.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu kupanda mikoko sasa ni jambo la heshima. Shule zinapanda, mabenki yanapanda, viongozi wanavua viatu na kuingia topeni. Ni baraka kubwa, maana wapo kati yetu wanaokumbuka wakati ambapo msitu mzima wa mikoko ulihesabiwa kuwa ni kuni tu. Lakini nguvu hiyo yote ikimwagwa mahali pasipofaa, hasara si ya miche peke yake. Watu wa kijiji huvunjika moyo, wakaamini kwamba mikoko haioti tena kwao, kumbe haikupewa nafasi ya kuota.

Ninaposema mikoko leo nina maana ya jamii nzima ya miti inayokaa mahali maji ya bahari yanapopanda na kushuka. Katika mwambao wa Kenya zinahesabiwa aina 9, na upande wa Tanzania karibu ni zizo hizo. Upo mkoko wenyewe, ambao sehemu nyingine huitwa mkaka, wenye mizizi inayoshuka kutoka shinani na kujikita matopeni. Upo mkandaa, upo msinzi au muia, upo mchu, upo mlilana, upo mkomafi. Majina hubadilika kutoka kisiwa hadi kisiwa, kwa hiyo waulizeni wakataji na wavuvi wa kwenu kabla ya kuuliza kitabu.

Yote hii ni miti ya maua. Tunasema mkoko umealika maua pale jambo linapochacha, lakini ni wachache kati yetu waliowahi kusimama wakayatazama maua yenyewe. Ua la mkoko ni dogo, rangi ya maziwa iliyoelekea njano, limeinama chini, na petali zake zina malaika meupe pembeni. Chavua yake husafirishwa zaidi na upepo, na nyuki nao hujichukulia sehemu yao. Msinzi una ua jingine kabisa. Kikombe chake ni chekundu, na ndani petali zimeifumbata chavua kwa nguvu iliyojikaza. Ndege chozi akitia mdomo wake kutafuta asali, petali hufyatuka na kumrushia chavua kichwani, naye huipeleka kwenye ua la pili. Mlilana hufungua maua yake jua linapotua. Nyuzi nyeupe nyingi hutoka kwa pamoja, popo na nondo wakaja usiku, na kulipokucha nyuzi zile zimekwisha kudondoka majini. Mchu una maua madogo ya njano iliyoiva, yamejikusanya kwenye ncha za matawi, na nyuki huyapenda mno. Ndiyo maana vipo vikundi vya akina mama na vijana wanaotundika mizinga ndani ya mikoko na kuvuna asali pasipo kukata hata fito.

Kwa mpandaji, maua hayo ndiyo kalenda. Tangu ua la mkoko lifunguke hadi mbegu yake ianguke hupita zaidi ya mwaka mmoja. Mchu hauchukui muda mrefu hivyo. Kikundi kinachotaka mbegu nzuri lazima kiwe na mtu anayeizungukia miti mama mwaka mzima na kuandika: mwezi huu mti huu umechanua, mwezi huu umebeba, mwezi huu unaangusha. Sherehe ya upandaji ikipangwa kwa tarehe ya mgeni rasmi, mara nyingi hukuta mbegu bado changa mtini, na hapo huchumwa zisizokomaa. Heri mgeni asubiri mti kuliko mti kumsubiri mgeni.

Sasa chumvi. Maji ya bahari yetu yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, kiasi ambacho kingeua mgomba au mmea wa mahindi katika siku chache. Mikoko imejifunza njia zaidi ya moja za kuishi nayo. Mkoko huizuia chumvi nyingi mlangoni, kwenye mizizi, ukaingiza maji yaliyokwisha kuchujwa. Mchu huiacha sehemu yake iingie, kisha huitoa kwa vitundu vya kwenye majani. Rambeni jani la mchu asubuhi ya kiangazi mtaionja chumvi hiyo kwa ulimi wenu, na mara nyingine mtaiona imeganda juu ya jani.

Lakini kuivumilia chumvi si kuihitaji. Hapa wapandaji wengi huteleza. Miche ya mikoko hukua vizuri zaidi katika maji yaliyochanganyika, ya bahari na ya mto, kuliko katika maji ya bahari matupu. Nendeni delta ya Rufiji, msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko katika Tanzania, muone miti ilivyorefuka mahali maji ya mto yanapokutana na ya bahari. Halafu nendeni kwenye jangwa la chumvi nyuma ya msitu wowote, pale ambapo maji hufika wakati wa bamvua peke yake. Jua hukausha maji, chumvi hubaki, maji mengine huja na kukauka tena, mpaka udongo wa hapo unakuwa mkali kuliko bahari yenyewe. Mchu pekee ndio hujikaza hapo, nao ukiwa na umri wa miaka mingi huweza kuwa haujamfika mtu kiunoni. Mtu akipeleka mkoko jangwani kwa kuwa ardhi iko wazi na njia ni rahisi, ameupeleka kufa.

Kwa hiyo turudi kwenye maji. Katika mwambao huu tuna maji mawili kujaa na mawili kupwa kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika sehemu nyingi hufika karibu na mita 4. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Mikoko yote huishi katika nusu ya juu ya nafasi hiyo: kuanzia karibu na usawa wa kati wa bahari hadi pale bamvua kubwa inapoishia. Chini ya hapo mti hauna muda wa kutosha wa kupumua. Mizizi ya mikoko inahitaji hewa, na ndiyo maana mchu na mlilana huchomoza vijizizi juu ya matope, na mkoko una vitundu vidogo kwenye ile mizizi inayoning'inia. Vikifunikwa na maji muda wote, au vikifukiwa na mchanga, mti husongwa.

Ndani ya nusu hiyo ya juu kila mti una daraja lake. Mlilana hukaa mbele, unapigwa na mawimbi na hufikiwa na maji karibu kila siku. Nyuma yake mkoko, kisha msinzi na mkandaa, halafu mchu upande wa nchi kavu, ingawa mchu huonekana pia mbele mahali pengine, maana ndio mvumilivu kuliko wote. Mwaka 1928 mtaalamu wa misitu J. G. Watson, aliyefanya kazi katika nchi ya Malaya, Malaysia ya leo, aliipanga mikoko kwa idadi ya mara inazofunikwa na maji kwa mwezi, na mpango wake unatumika hadi leo. Wavuvi wetu walikuwa wakiijua hesabu hiyo kwa njia yao, maana ndiyo inayowaambia ngalawa itaelea lini.

Njia ya kuupata usawa unaofaa haihitaji mashine. Tafuteni mikoko ya asili iliyo karibu, yenye afya, ya aina mnayotaka kupanda. Angalieni matope yaliyo miguuni mwake yako usawa gani. Kisha chukueni ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji, wanaoutumia mafundi ujenzi kusawazisha msingi. Ncha moja ishikwe kwenye mti mama, nyingine ipelekwe mahali mnapotaka kupanda. Mkiona tofauti ya mahali penu na pa mti mama ni ya mkono mzima, hapo si pake, hata pakiwa na matope mazuri namna gani. Ongezeni jambo moja: simamisheni vigingi vyenye alama na mvitazame kwa bamvua moja na maji mafu mamoja. Hiyo ni wiki mbili za subira, na zitaokoa miaka.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kupanda kwenye fungu lililo wazi mbele ya msitu, mahali penye nyasi bahari. Huchaguliwa kwa sababu hapana mwenyewe, hapana ugomvi wa mashamba, na picha hutoka vizuri. Kule Sri Lanka, baada ya tsunami ya mwaka 2004, mikoko ilipandwa katika hekta kati ya 1,000 na 1,200. Watafiti walipokwenda kuhesabu, waliona kwamba kilichobaki ni hekta 200 hadi 220, na kati ya maeneo 23 waliyoyakagua, 9 hayakuwa na mche hata mmoja. Sababu zilikuwa zilezile: mahali pasipofaa, aina isiyofaa, na kukosa malezi baada ya sherehe. Nasi tufahamu kwamba fungu la nyasi bahari si mahali patupu. Ndipo tafi wanapojilisha, ndipo wanawake wa vijiji vyetu wanapookota kombe na chaza. Kuchomeka mikoko hapo ni kuharibu malisho ya bahari na kupoteza miche kwa mara moja.

Yapo maeneo ambapo kupanda hakuhitajiki kabisa. Katika jimbo la Florida, Marekani, karibu na mji wa Hollywood, mwanaikolojia Robin Lewis alisimamia ufufuaji wa mikoko katika eneo la West Lake kwa njia iliyowashangaza wengi. Aliondoa kifusi kilichokuwa kimemwagwa, akairudisha ardhi katika usawa wake, akafungua mikondo ili maji yaingie na kutoka. Mbegu zilikuja zenyewe na maji. Baada ya miaka michache palikuwa na msitu. Somo hilo linatuhusu sana, maana mwambao wetu umejaa kuta: kingo za mashamba ya chumvi yaliyoachwa, matuta ya majaruba ya mpunga, barabara zilizopita juu ya mkondo bila kalavati ya kutosha. Nyuma ya ukuta kama huo mikoko hufa polepole, na watu husema imepatwa na ugonjwa. Kabla ya kununua mche mmoja, piteni mtazame kama maji yanaingia. Kuvunja tuta kwa majembe siku moja, kwa idhini ya mamlaka na ya mwenye eneo, kunaweza kufanya kazi kuliko kitalu cha miche 10,000.

Na matatizo mengine huanzia mbali, huko juu mto unakotoka. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi katika hori ya Mwache, Mombasa, ukafukia mizizi, na mikoko mingi ikafa ikiwa imesimama. Mlima uliokatwa miti huko bara humwagikia kwetu.

Tuchukulie sasa kwamba mahali pamepatikana, maji yanaingia na kutoka, lakini mbegu haziji, kwa sababu miti mama iko mbali au ilikatwa yote. Hapo ndipo tunapanda.

Mkoko ndio mwepesi. Mbegu yake huota ikiwa bado mtini, ikaning'inia ndefu na ya kijani, huku nyingine ikifika nusu mita na zaidi. Kinachoanguka si mbegu tena, ni mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa. Iliyokomaa hutambulikana kwa shingo yake: pale inapoungana na tunda hutokea kipande cha rangi ya njano, na ukiigusa huachia bila kuvutwa. Inayohitaji kuvutwa iacheni. Okoteni zilizoanguka zenyewe na bado ni mbichi, mzitupe zenye matundu ya wadudu na zilizovunjika ncha. Wekeni kivulini siku kadhaa, maana mbegu iliyotoka mtini sasa hivi ina utomvu unaowavutia kaa. Kisha ichomekeni wima, ncha ya kahawia chini, theluthi moja ya urefu wake ndani ya tope, na mshindilie kwa vidole ili isitikisike. Msiizamishe zaidi kwa kudhani itakuwa imara, kwani ikiingia mno hunyimwa hewa. Nafasi ya mita moja kati ya mche na mche inatosha, na hiyo ni miche 10,000 kwa hekta. Mkandaa na msinzi huchukuliwa vivyo hivyo, ila mbegu zake ni fupi zaidi.

Kwa upande unaokabili bahari, chagueni siku maji yanapoelekea kuwa mafu. Mche hupata siku kadhaa za utulivu kabla bamvua haijarudi na nguvu zake. Kwa upande wa nchi kavu ni kinyume: pandeni maji yanapokaribia bamvua, ili tope lipate kulowana.

Mchu hutaka kitalu. Tunda lake ni dogo, la kijani lililopauka, na ndani mche umekwisha kujikunja. Likilowekwa majini usiku mmoja ganda hujivua lenyewe. Kila mbegu hulazwa juu ya udongo wa kiriba, upande wa mizizi chini, pasipo kufukiwa. Udongo uwe tope la mikokoni lililochanganywa na mchanga kidogo. Mlilana unataka mkono wa mtu mvumilivu zaidi: tunda lililoiva hulainishwa majini mpaka mbegu ndogondogo zitoke, zioshwe, zimwagwe kwenye tuta lenye unyevu, na miche ihamishiwe kwenye viriba ikiwa na majani machache. Mkomafi una tunda linaloweza kupita uzito wa kilo moja, na ndani yake mna mbegu kubwa zenye pembe, kila moja ikitosha kiriba chake.

Kitalu kikae mahali ambapo maji ya bamvua yanakifikia, ili kazi ya kumwagilia igawanywe na bahari. Wekeni kivuli cha makuti mwanzoni, na mwezi wa mwisho mkiondoe kidogo kidogo ili miche izoee jua kali. Vikundi vinavyotumia maji ya kisima kwa kuogopa chumvi huotesha miche minene, mizuri kwa macho, lakini ikipelekwa horini hushtuka. Anzeni na maji yaliyochanganywa kama ni lazima, mmalize na maji ya hori yenyewe.

Nimefika kwenye malezi, na hapa naomba masikio yenu kuliko mwanzo. Mche wa mkoko hauhitaji mbolea, hauhitaji kupaliliwa, wala dawa. Unahitaji kulindwa miaka miwili au mitatu. Hatari yake ya kwanza ni miguu yetu: njia ya kwenda kuvua, jarife linalokokotwa, mashua inayopaki. Kabla ya kupanda kaeni na wavuvi mkubaliane njia ipite wapi, na iacheni wazi. Hatari ya pili ni mbuzi na ng'ombe, ambao huyapenda majani ya mchu, na uzio wa miiba kwa upande wa kijiji huwazuia. Mwani ulioelea ukijifunga kwenye miche midogo huiinamisha mpaka ikafunikwa, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kupita baada ya kila bamvua akautoa kwa mkono, na plastiki nayo. Vigamba vya bahari hujibandika kwenye mashina ya miche iliyopandwa chini mno. Mkiviona vimejaa, fahamuni kwamba usawa ndio mbaya. Kuvikwangua hakutawasaidia, na mara nyingi huchubua gome.

Kaa watakula baadhi. Msiwatilie sumu, hata mkishawishiwa na muuza dawa. Mashimo yao ndiyo yanayoingiza hewa na maji ndani ya tope na kuiosha chumvi, na majani wanayoyazika ndiyo mbolea ya msitu. Palipo na kaa wengi tumieni miche iliyokomaa shina kitaluni badala ya mbegu. Kwa mlilana kuna wadudu wanaotoboa matawi yakakauka toka nchani, na katika pwani ya Kenya wameonekana wazi, kwa mfano katika kijiji cha Gazi. Tawi lililokauka likatwe na kutolewa msituni.

Halafu kuhesabu. Karibu kila ripoti inayosomwa hadharani hutaja miche iliyopandwa. Natamani siku moja nisikie ripoti inayotaja miche iliyo hai baada ya miezi sita, baada ya mwaka, na baada ya miaka mitatu, na mfadhili akatoa fedha kwa hesabu hiyo. Wekeni vipande vichache vyenye alama za kudumu, mrudi palepale, mhesabu mmoja mmoja, muandike na urefu. Penye vifo vya kutawanyika, jazieni. Penye kufa kwa pamoja, msijazie kitu mpaka mjue kwa nini, kwa sababu maji ya hapo yameshatoa jibu lake.

Kulea ni pamoja na kujua namna ya kukata. Sisi ni watu wa boriti. Paa za nyumba za mawe za Lamu na Unguja zimebebwa na mikoko, na upana wa vyumba vyake ulifuata urefu wa boriti. Kwa karne nyingi majahazi yalibeba miti kutoka Lamu na Rufiji kuipeleka Omani na Ghuba, ambako mti wa kujengea ulikuwa adimu na mikoko iliyopo ni mchu peke yake. Kenya ilipiga marufuku kuisafirisha nje mwaka 1982. Wakataji wa zamani walikuwa na majina ya kila unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na kila mmoja alijua achukue upi auache upi. Jambo moja lazima liingie katika kila sheria ndogo ya kijiji: mchu na mlilana ukikatwa huchipua tena kisikini, lakini mkoko uliokomaa ukikatwa shina umekufa. Kwa hiyo kukata mkoko wote wa mahali pamoja ni kuuondoa, na mahali pake hapatarudi ila kwa mbegu.

Gazi, katika Kaunti ya Kwale, wanaijua habari hiyo. Katika miaka ya 1970 sehemu za msitu wao zilikatwa kabisa kuwa kuni za viwandani. Upande wa bahari mchanga ukatawala na miti haikurudi yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Dk. James Kairo, ambaye amefanya kazi yake katika Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, alianza na wanakijiji kupanda upya, aina kwa aina, kwa kufuata usawa wa maji. Shamba la mkoko lililopandwa huko, lilipopimwa likiwa na miaka 12, miti ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 8 kwa wastani na unene wa sentimita 6 hivi. Tangu mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni, kwa mradi wao wa Mikoko Pamoja, vinalinda hekta 117 na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu huo. Mapato huenda kwenye maji na shule. Wamepanda na mivinje nchi kavu, ili mtu anayehitaji kuni na nguzo asilazimike kuingia mikokoni, na hilo napenda kila kikundi kiliige, kwa sababu msitu hauwezi kulindwa na kijiji kisicho na kuni.

Kuna jambo jingine la Gazi ambalo limebadilisha namna ninavyowashauri watu. Watafiti walipoingia katika mashamba yale yaliyopandwa, ambamo kila shamba lilikuwa na aina moja tu, walikuta aina nyingine ambazo hakuna aliyezipanda, zimeletwa na maji na kunaswa na mizizi na kivuli cha zile za kwanza. Katika maeneo yaliyokatwa na kuachwa tupu, hazikuwamo. Miche hiyo ya ziada mtaiona na nyinyi baada ya miaka michache, mkandaa katikati ya mikoko, msinzi pasipo na msinzi karibu. Kikundi chenye bidii hushikwa na hamu ya kuing'oa ili mistari ibaki imenyooka. Iacheni. Andikeni tu katika daftari lenu imetokea wapi na lini, na mtakapofika wakati wa kupunguza miti iliyosongamana, punguzeni ile mliyoipanda nyinyi kwanza.